Kwa nini chokoleti inatoroka kwenye biskuti zangu?

"Shikamoo mwalimu. Nipo Tabata, Dar es Salaam, naoka nyumbani kwa oveni ndogo ya gesi. Mwanangu aliona kwenye simu biskuti ambazo ukizivunja chokoleti inatiririka, tangu siku hiyo hanipi raha. Natumia unga wa ngano vikombe 2, majarini kikombe 1, sukari kikombe 1, yai 1 na beking pauda vijiko 2 vya chai. Katikati naweka vipande viwili vya chokoleti ya kupikia. Jumamosi trei ya kwanza zilitandazika zote zikashikana, chokoleti ikatoka pembeni ikaungua. Wifi yangu akaniambia niongeze unga. Nikaongeza nusu kikombe. Trei ya pili hazikutandazika, ila zilipasuka juu, na zilipopoa ile chokoleti ya ndani ikawa ngumu kama mshumaa. Jirani anasema sikuzioka vya kutosha. Tatizo ni unga, oveni au chokoleti? Mwisho wa mwezi kuna siku ya wazazi shuleni na nimeahidi kupeleka 50. Zikikubalika nafikiria kuanza kuuza."

Marahaba, mwanangu. Nimelisoma swali lako mara mbili, na nikushukuru kwa kuandika vipimo vyote, maana wengi huniambia tu "biskuti zimeharibika" nikabaki napapasa gizani. Wewe umenipa vikombe, umenipa trei ya kwanza na ya pili, na umenipa hata maneno ya wifi na jirani. Kwa hayo naweza kukujibu vizuri.

Kwanza, ulichoona ni makosa mawili tofauti. Trei ya kwanza iliharibiwa na mafuta mengi na joto la jikoni. Trei ya pili iliharibiwa na dawa uliyopewa ya kutibu ya kwanza. Ile chokoleti kuwa ngumu kama mshumaa haihusiani kabisa na unga wala muda wa kuoka. Hiyo ni tabia ya chokoleti yenyewe, na ingekuwa ngumu hata kama biskuti zingetoka nzuri mno. Wifi yako hakukosea sana, unga mwingi kweli unazuia kutandazika, ila unafanya hivyo kwa kukausha. Jirani yako ndiye wa kumkatalia kwa upole. Ukizioka zaidi, utakausha ukuta wa biskuti na kuichemsha zaidi chokoleti iliyomo, na hapo itatoka hata kama ulifunga vizuri.

Nataka tuingie pamoja ndani ya oveni tuone kinachotokea, kwa sababu ukishakiona, nusu ya maswali yako yatajijibu.

Biskuti yenye chokoleti ndani ni mashindano ya muda. Upande mmoja kuna unga unaotakiwa kuiva na kusimama, upande mwingine kuna chokoleti inayotaka kuyeyuka na kutoka. Siagi huyeyuka kwenye nyuzi 32 hadi 35 za sentigredi. Chokoleti halisi, ile yenye siagi ya kakao, huyeyuka karibu na nyuzi 34, ndiyo maana inayeyuka mdomoni. Lakini yai, ambalo ndilo linalosaidia kuushika unga usimame, halianzi kuganda mpaka lifike nyuzi 60 na kitu. Sasa fikiria jiko lako la Tabata mchana, nyuzi 31 au 32. Madonge yako yanaingia ovenini yakiwa tayari ukingoni mwa kuyeyuka. Dakika mbili tu mafuta yameshakuwa maji, sukari nayo inayeyuka na kuulainisha unga zaidi, na bado ni mapema mno kwa yai kuganda. Unga haujapata mfupa wa kusimamia, basi unalala. Ukilala, ukuta uliozunguka chokoleti unakuwa mwembamba, chokoleti iliyokwisha kuyeyuka inapata mlango, inatoka, inafika kwenye bati la moto na kuungua. Ndiyo trei yako ya kwanza.

Mwenzetu anayeoka kwenye nchi ya baridi, jikoni mwake nyuzi 18, anaweza kutumia vipimo vilevile akapata biskuti nzuri. Kwa hiyo ukifuata maelekezo ya kwenye simu neno kwa neno ukashindwa, usijilaumu. Maelekezo hayo hayakuandikwa kwa ajili ya Pwani.

Kazi yetu basi ni kuyageuza mashindano. Tunataka cha ndani kichelewe kuyeyuka, na cha nje kiwahi kusimama. Njia kuu ni moja, nayo ni baridi. Chokoleti ya kujazia iingie ikiwa imegandishwa kwenye friza, na donge zima likishafungwa lirudi kwenye baridi kabla ya kuoka. Friza ya kawaida ya nyumbani inafika kama nyuzi 18 chini ya sifuri. Chokoleti iliyotoka huko inabidi kwanza ipande hadi sifuri, kisha hadi 34, ndipo ianze kuyeyuka, na muda wote huo ukuta wa nje unaganda. Hiki ndicho kitu kimoja ambacho kama ungekibadilisha bila kugusa kingine chochote, ungeona tofauti Jumamosi hiyohiyo.

Tuje kwenye vipimo vyako. Majarini kikombe 1 ni kama gramu 225. Unga vikombe 2 ni gramu ngapi? Hapo ndipo penye fumbo. Kikombe cha unga uliochotwa na kushindiliwa kinaweza kuzidi gramu 150, na kikombe cha unga uliomwagwa taratibu kwa kijiko hakifiki 130. Mtu mmoja, jiko moja, Jumamosi mbili, anaoka biskuti mbili tofauti bila kujua. Kwa unga huo, mafuta yako ni mengi mno. Beking pauda vijiko viwili vya chai nayo ni nyingi kwa biskuti ya kujaza. Inatoa hewa nyingi, inaumua unga haraka, unga ukiumuka unapasuka, na mpasuko ni mlango. Ile trei ya pili ilipasuka kwa sababu hiyo na kwa sababu ya ukavu: unga mkavu hauvutiki, hewa ya ndani ikisukuma unakatika kama udongo wa kiangazi.

Halafu majarini yenyewe. Siagi nzuri ina mafuta kama asilimia 80 na maji kama 16. Majarini za kopo zinatofautiana. Nyingine zimetengenezwa za kupaka mkate, zina maji mengi zaidi, na maji hayo ovenini yanakuwa mvuke unaolainisha na kusukuma. Soma kwenye kopo. Kama mafuta hayafiki asilimia 70, ipake kwenye mkate na usiiokee biskuti hizi. Kama siagi ni ghali kwako, changanya nusu kwa nusu na majarini ngumu yenye mafuta asilimia 80. Mimi mwenyewe nimeoka hivyo miaka mingi na sioni aibu kuifundisha.

Hivi ndivyo vipimo ninavyokushauri, na tafadhali nunua mizani ndogo ya jikoni kabla hujanunua kitu kingine chochote. Unga wa ngano gramu 280. Siagi, au siagi na majarini, gramu 150. Sukari ya kahawia gramu 120 na nyeupe gramu 60. Yai 1. Beking pauda nusu kijiko cha chai, chumvi nusu kijiko cha chai, vanila kijiko kimoja cha chai. Sukari yako kama ina chembe kubwa, isage kidogo kwenye blenda, iwe nusu ya ukubwa wake, isiwe vumbi. Sukari ya kahawia inashika unyevu, inaifanya biskuti ibaki laini siku ya pili. Ukiona mahali wanatia beking soda, ujue inaongeza rangi na kutandazika; kwa hali yetu iache. Na magadi ya kuchemshia maharage si mbadala wake, yana ladha itakayoharibu kila kitu.

Saga siagi na sukari kwa mwiko dakika mbili au tatu tu, zishikane. Usiipige mpaka iwe nyeupe kama unavyofanya kwa keki, maana hewa hiyo ndiyo inayoumua na kupasua. Tia yai na vanila, koroga, kisha unga uliochanganywa na beking pauda na chumvi. Ukishaona hakuna unga mkavu, acha. Funika, weka kwenye friji saa moja. Utapata madonge kama 16 ya gramu 40. Na usiuonje unga huo ukiwa mbichi, wala usimwachie mtoto alambe bakuli. Yai bichi na unga mbichi wa ngano vyote vinaweza kubeba vijidudu vya kuharisha.

Sasa chokoleti, na hapa nitakaa kidogo kwa sababu ndipo roho ya biskuti hii ilipo.

Ile "chokoleti ya kupikia" uliyonunua, geuza karatasi yake usome. Nyingi za bei nafuu hazina siagi ya kakao. Zimetengenezwa kwa unga wa kakao, sukari na mafuta ya kokwa za michikichi yaliyogandishwa. Watengenezaji wanafanya hivyo kwa sababu yanavumilia joto la dukani, na kwa kupambia keki zina faida yake. Lakini mafuta hayo yameundwa yagande hata kwenye joto la Dar es Salaam. Basi ikishayeyuka ovenini na kupoa, inarudi kuwa gumu, tena bila mng'ao. Na ikiwa moto ulizidi, sehemu ya mafuta inanywewa na ukuta wa biskuti, kinachobaki katikati ni kikavu kinachosagika. Ndiyo mshumaa wako. Hukukosea kuoka, uliiomba chokoleti kitu isichokiweza.

Chokoleti halisi ya siagi ya kakao itakuwa laini kidogo kwa joto letu, lakini nayo haitatiririka ikipoa. Na hapa lazima niwe mkweli kwako kuhusu ile video. Biskuti zile zimevunjwa zikiwa bado za moto, dakika kumi au ishirini baada ya kutoka ovenini, au zimepashwa. Hakuna biskuti ya nyumbani inayokaa kwenye kontena hadi kesho yake kisha ikavunjwa na chokoleti ikamwagika kama uji. Tunachoweza kukipata siku ya pili ni chokoleti laini, inayovutika, inayopakaa kidole. Hicho kinawezekana, ni kitamu sana, na ndicho ninachotaka ulenge.

Njia ninayoipenda kuliko zote ni kulainisha chokoleti kwa mafuta. Yeyusha gramu 200 za chokoleti kwenye bakuli kavu lililokaa juu ya sufuria ya maji ya moto, moto ukiwa umezimwa. Tia gramu 40 za mafuta ya alizeti, kama vijiko vitatu vikubwa, na chumvi ya kubana kwa vidole viwili. Koroga. Mafuta ya alizeti hayagandi kwenye joto la kawaida, yanaingia kati ya mafuta ya chokoleti na kuyazuia yasishikane kuwa jiwe. Kabla ya kutengeneza nyingi, fanya jaribio hili dogo: chukua kijiko kimoja cha mchanganyiko huo, weka kwenye kisahani, kiache mezani usiku kucha. Asubuhi kibonyeze. Kikibonyea kama siagi ya mezani, umefika. Kikiwa kigumu, ongeza mafuta kijiko cha chai. Kikiwa majimaji, ongeza chokoleti. Jaribio hili linafaa hata kwa hiyo chokoleti ya bei nafuu uliyonayo, kwa hiyo usiitupe.

Chunga maji. Tone moja la maji au mvuke likiingia kwenye chokoleti iliyoyeyuka, chembe za sukari zinalowa na kugandamana, na chokoleti yote inakuwa tope zito lenye chenga. Kijiko kiwe kikavu, bakuli likavu, mkono mkavu.

Kuna njia nyingine inayofaa mfuko: maziwa ya kopo yaliyokolezwa sukari, kopo moja la gramu 400 hivi, vijiko vitatu au vinne vikubwa vya unga wa kakao na kijiko kikubwa cha siagi. Pika moto mdogo, koroga bila kuacha, mpaka ukivuta mwiko katikati unaona chini ya sufuria na mchanganyiko unachelewa kurudi. Wabrazili hupika namna hii wakafinyanga vijidonge vya sherehe wanavyoviita brigadeiro. Ndani ya biskuti inabaki laini na yenye kuvutika, haigandi kama mshumaa, na unatumia kakao tu badala ya chokoleti nzima. Kakao tunayo kwetu, Kyela inalimwa kwa wingi, na ukipata unga wake mzuri utashangaa harufu. Ubaya wake ni utamu. Punguza sukari nyeupe ya kwenye unga kwa gramu 30.

Zile krimu za chokoleti na njugu za kupaka mkate, kama Nutella, zinafanya kazi vizuri kwa sababu hazina maji karibu kabisa, hazichemki ndani. Tatizo ni bei, na njugu, nitakuja huko. Chokoleti iliyochanganywa na krimu ya maziwa ni tamu mno ikiliwa palepale, lakini krimu ina maji mengi. Yanachemka, yanasukuma, na baada ya siku moja unyevu wake unahamia kwenye biskuti ikawa teketeke. Kwa joto letu pia inaharibika upesi. Kwa siku ya wazazi usiitumie.

Chochote utakachochagua, kichote kwa kijiko vijidonge vya gramu 15 kwenye karatasi ya kuokea, weka friza angalau saa mbili. Kama mtaani kwenu umeme unakatika ovyo, fanya kazi hii usiku wa kuamkia siku ya kuoka, usiiache hadi saa za mwisho.

Kufunga. Hapa mikono yako inajua zaidi kuliko unavyodhani, kwa sababu umeshafunga kachori na sambusa. Sambusa yenye tundu dogo inakunywa mafuta, na biskuti yenye ufa mdogo inatapika chokoleti. Chukua donge la gramu 40 lililotoka kwenye friji, libonyeze kiganjani liwe duara la upana wa kiganja chako. Katikati pabaki panene na pembeni pawe pembamba. Wengi wanafanya kinyume. Pembeni patakusanywa juu na kuwa tabaka mbili au tatu, pakiwa panene utapata donge la unga mwingi upande mmoja na ngozi nyembamba upande wa pili. Weka chokoleti iliyoganda katikati, kusanya kingo kama unafunga fundo la mfuko, bana, kisha paka kidole maji kidogo sana na usugue mshono mpaka usiuone tena. Mshono usiouona ndio uliofungwa. Lizungushe kwenye viganja mara tatu nne, si zaidi, joto la mikono lisije likalifikia la ndani. Mshono ukae chini. Fanya manne manne huku mengine yakisubiri kwenye friji, na ukimaliza yote yarudi friza nusu saa.

Kuhusu oveni yako, sitakuambia "nyuzi 180" nikaondoka, kwa sababu kitasa cha oveni nyingi ndogo za gesi hakisemi kweli. Kama huna kipimajoto cha kuweka ndani, tumia sukari. Weka kijiko cha sukari nyeupe kwenye kipande cha karatasi ya foili, ingiza ovenini iliyokwisha kupata moto, acha dakika 15. Kwenye nyuzi 175 itabaki chembechembe. Kwenye 190 itayeyuka. Zungusha kitasa hadi upate mahali ambapo moto mdogo sukari haiyeyuki na ukiongeza kidogo inayeyuka. Tia alama kwa kalamu hapo katikati. Hiyo ndiyo 180 yako, ya oveni hiyo. Iache ishike moto dakika 20 kabla ya kuingiza kitu. Na kwa kuwa moto wa gesi unatoka chini, weka trei mbili moja juu ya nyingine, ili ile ya chini ikinge, na upange kwenye sehemu ya katikati. Biskuti sita hadi nane kwa trei, zipishane vidole vitatu.

Dakika 12 hadi 14. Saa ya kutoa ni pale ambapo pembeni pameshika rangi ya kahawia hafifu na katikati bado panaonekana pamelala, kama hapajaiva. Moyo wako utakuambia ongeza. Usiongeze. Bati la moto litaendelea kuzioka dakika nyingine kumi ukiwa umeziacha juu yake bila kuzigusa. Ukizinyanyua mapema zitakatika tumbo. Na watoto wasubiri angalau dakika 15; cha ndani kinakaa na joto muda mrefu kuliko nje, ukiigusa biskuti unadhani imepoa, ukiiuma inaunguza ulimi.

Wapo wanaosoma hapa wasio na oveni. Mkaa juu na chini unafaa kabisa, bibi zetu waliokea hivyo mikate ya kumimina. Weka sufuria nzito yenye mchanga mkavu chini, bati dogo juu ya mchanga, mfuniko wa bati wenye mkaa. Mkaa wa juu uwe mwingi kuliko wa chini, kama mara mbili. Fanya nje au kibarazani. Hewa ya sumu ya mkaa isiyoonekana, kaboni monoksidi, inaua watu waliojifungia ndani, na kichwa kikianza kuuma wakati unapika toka nje mara moja.

Kwa biskuti 50, pika mchanganyiko huu mara nne, utapata kama 64, zilizobaki ni za kuonja na za ajali. Usizidishe vyote kwenye bakuli moja, unga mwingi unapoa polepole kwenye friji na wa mwisho utakuwa umeshapata joto. Madonge yaliyofungwa yanakaa friza wiki mbili bila shida, kwa hiyo funga kidogo kidogo jioni, na uoke zote siku moja kabla. Ziache zipoe kabisa, saa mbili, ndipo ufunge kontena. Nilipokuwa naanza, Tanga, mwezi wa Februari, nilifungia biskuti za arusi zikiwa na uvuguvugu kwa sababu gari lilikuwa linasubiri. Mvuke ukageuka maji ndani ya kontena, na waliofungua siku ya pili walikuta biskuti zimelainika. Nililipa fedha za watu na niliumia. Tangu hapo siwahi kufunga kitu chenye joto, hata dereva apige honi.

Za chokoleti na mafuta zinakaa siku tano hadi saba kwenye kontena lisiloingiza hewa, mahali pasipo jua. Za maziwa ya kopo zimalizwe ndani ya siku tatu. Friji si lazima, na itazifanya ngumu; kama umeziweka huko, zitoe saa mbili kabla ya kula. Ukitaka mwanao aione ile chokoleti ikitiririka, moja moja ipashe kwenye maikrowevu sekunde 10, au ovenini moto mdogo dakika 5. Atafurahi.

Suala la njugu, tafadhali lisikupite. Siku ya wazazi watakula watoto usiowajua. Karanga na njugu zinaweza kumfunga mtoto pumzi ndani ya dakika chache kama mwili wake unazikataa. Kwa shule usitumie krimu yenye njugu, osha blenda iliyosagia karanga, na uandike kwenye kontena kwamba zina ngano, maziwa na yai. Mtoto akivimba midomo au akaanza kupumua kwa shida baada ya kula, hilo ni la hospitali wakati huohuo.

Kuuza ni jambo jema na sitaki kukukatisha tamaa, ila lisianze kabla ya trei tatu mfululizo kutoka sawa. Mteja akirudi anataka ileile aliyokula juzi. Ukifika hapo, nenda ofisi ya mkoa ya SIDO, shirika la kuhudumia viwanda vidogo, ukaulize mafunzo ya usindikaji wa chakula. Wanafundisha usafi, vifungashio na hesabu ya gharama. Tangu 2019 usalama wa chakula Tanzania bara uko chini ya TBS, Shirika la Viwango Tanzania, kwa hiyo ndio watakaokuambia unachotakiwa kuwa nacho kabla ya kuweka lebo na kupeleka madukani. Afisa afya wa kata atakueleza kuhusu kupima afya kwa mtu anayeshika chakula cha kuuza. Nenda ana kwa ana, utaratibu hubadilika na maneno ya mtaani huchelewa. Na kama oveni yako inanuka gesi ikiwa imezimwa, au moto wake ni wa njano unaotia masizi chini ya trei, hilo halihusiani na biskuti tena. Funga mtungi, fungua madirisha, ita fundi kabla ya kuoka chochote.

Wiki hii oka mbili tu za jaribio. Ya kwanza ivunje baada ya dakika 15 mwanao akiwepo. Ya pili iweke kwenye kontena mpaka kesho yake asubuhi, kisha ivunje peke yako, uitazame na uibonyeze ya ndani kwa kidole. Ile ya asubuhi ndiyo wazazi watakayokula.